Barua Tatu za Namba 417

Jumatatu, 10 Februari 2025

Leo nimefundishwa kuchuja barua. Mimi! Mtu aliyepanga barua za kiwanda cha vifungo kwa mikono yake miaka mingapi sijui, ufunguo wa sanduku la posta ukining'inia shingoni hata nikienda kanisani.

Tatizo ni takataka. Kila asubuhi tukifungua kompyuta ya hii ofisi ya kuandikisha watu wa kiwanda tunakuta ujumbe mia mbili, mia tatu — urithi wa marehemu wa Dubai, simu za bure, dawa za mgongo. Barua za wafanyakazi wetu wa zamani zimefukiwa humo na tunazichimbua moja moja mpaka saa sita. Wakati wenyewe hatuna. Tarehe 28 Machi, saa kumi na moja jioni, orodha inafungwa. Wakili wa wenye shamba hataki mchezo: aliyefanya kazi kiwandani miaka kumi au zaidi, akileta fomu yenye sahihi na nakala ya kitambulisho, anaandikiwa kiploti pale kwenye landhi, zile nyumba za zamani za wafanyakazi. Asiyeleta, basi. Haongezi hata saa moja.

Janice ndiye mkubwa wangu hapa. Ana miaka thelathini na mmoja na ananiita Auntie. Ana subira, lazima niseme. "Auntie, hizi filters ni simple. Unaandika keyword, unachagua barua iende wapi, basi. Hiyo kazi inajifanya yenyewe."

Sheria ya kwanza tumeandika pamoja. Barua ikiwa na neno kiwanda, au vifungo, au maneno namba ya kazi, iende kwenye folda ya Wafanyakazi. Sheria ya pili, ambayo ndiyo inashinda zikigongana, ni ya takataka: inheritance, beloved, God bless, prize. Hapo tulivutana kidogo. Janice alisema nisifute kwanza, niziweke kando niwe nazipitia kila Ijumaa. Nikaitikia. Akapigiwa simu, akatoka nje kuongea. Mimi nikachagua zitupwe. Uchafu uliopangwa vizuri bado ni uchafu, na mimi sina Ijumaa za kuchezea.

Zamani nilikuwa na trei tatu za waya. Ya juu ya meneja, ya kati ya karani wa mishahara, ya chini ya wafanyakazi. Barua niliijua kabla sijaifungua — mwandiko, muhuri wa Machakos, bahasha iliyobandikwa kwa ugali. Jioni hii nimekumbuka harufu ya gundi yetu ya chupa na nikahuzunika, sijui kwa nini.

Jumanne, 11 Februari

Nimenogewa! Janice alikuwa kwa wakili kutwa, nikakaa peke yangu na kompyuta nikiongeza maneno.

Kuna nabii mmoja wa mafuta ya upako asiyetupa nafasi ya kupumua. Anaandika asubuhi, mchana, jioni. Mpendwa, Bwana Yesu asifiwe, Mungu amenionyesha jina lako. Jina la ofisi! Nikaingiza kwenye sheria ya pili: Mpendwa. Bwana Yesu. Asifiwe. Mungu. Nikabonyeza. Ujumbe mia na kumi na mbili uliondoka kwa mpigo mmoja, na skrini ikabaki nyeupe, safi. Nilicheka peke yangu.

Janice aliporudi alisema nimeweza. Nikajiona msichana wa chuo cha uhazili tena, yule aliyepiga maneno sitini kwa dakika na kupigiwa makofi.

Nimemkumbuka Idah, aliyefagia ofisi zetu. Kapu langu la karatasi alilimwaga Jumamosi tu, na hata hapo alisimama mlangoni nalo akaniuliza, hii naenda kuchoma, umeangalia? Kila Jumamosi. Alikuwa ananiudhi.

Alhamisi, 13 Februari

Tangazo limesomwa redioni jana na leo, kwa Kikuyu na kwa Kikamba. Anwani yetu wameitaja polepole, mara mbili. Nilikuwa nimejiandaa kwa mafuriko.

Zimeingia barua tisa. Janice anashangaa. Nimemwambia watu wetu si wa mbio. Mpaka mtu amtafute binti mwenye simu, mpaka wakubaliane cha kuandika, wiki imeisha.

Kila moja ikiingia naangalia kama ni ya Kaveke. Bado.

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Kazi hii niliikubali kwa sababu yake. Nina nyumba yangu Kiuu, vyumba viwili, kijana wangu Mburu ameshajitegemea, na magoti yangu yananiambia nikae. Lakini nilipoona ile notisi ya viploti, mtu wa kwanza kunijia alikuwa Kaveke, namba 417, idara ya kuchagua. Tulilala kitanda kimoja mtaani Kiandutu kutoka mwaka wa tisini hadi elfu mbili na moja. Ana haki ya kiploti kabla ya wengi. Nataka jina lake niliandike mimi, kwa mkono wangu. Kuna jambo nilimkosea, na sitaliandika leo.

Jumamosi, 22 Februari

Nilienda kiwandani kutafuta mafaili kwenye stoo ya zamani, nikajikuta nimepinda kuelekea Kiandutu. Miguu ilienda yenyewe.

Chumba chetu sasa ni kinyozi. Wamepaka rangi ya chungwa na wamebandika picha za vichwa vya vijana. Nilisimama hapo mpaka yule kinyozi akaniuliza, "Mathe, unataka nini, ama umeleta mtoto?" Nikamwambia nilikuwa naishi hapa. Akatazama chumba chake, akanitazama, akasema ni sawa, karibu. Sikuingia.

Kitanda chetu kilikuwa pale penye kioo chake. Jiko la mafuta ya taa nyuma ya mlango. Viatu vya kisigino tulikuwa na jozi moja, vyeusi, tulichanga tukanunua, na aliyekuwa na shughuli ndiye alivaa. Nilivivaa siku ya mtihani wa uhazili. Kaveke alivaa kwenye harusi ya dada yake. Mguu wake ni mkubwa kuliko wangu na vilimbana mpaka akarudi amevibeba. Hakuwahi kulalamika. Siku nilipopewa kazi ya ofisini, nikaacha meza ya kuchagua, yeye ndiye alipika, akaita majirani, akajitapa kwamba sasa ana mtu ndani.

Meza ya kuchagua! Wanawake ishirini, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Matundu mawili huku, manne huku, vyenye ufa kwenye debe la kutupa. Sisi wengine tulitupa kwa haraka ili tufikishe kilo. Kaveke hakutupa kifungo kabla hajakigeuza mara mbili. Msimamizi Muli alimgombeza kwamba anachelewesha meza, halafu akipima mwisho wa siku akakuta ndiye amemaliza wa kwanza.

Hakuna mtu anayenijua hivyo tena. Watu wanaonijua sasa wananijua nikiwa mama wa mtu. Nilinunua mahindi ya kuchoma na kula nikiwa nimesimama barabarani, jambo nisilolifanya.

Ijumaa, 7 Machi

Wiki tatu. Kaveke kimya.

Waliopatikana ni arobaini na wanne tu, wengi wamekuja wenyewe kwa miguu. Inbox safi kama sahani iliyooshwa. Janice anasema labda wengine wamekufa. Labda.

Lakini Kaveke hajafa, Muli alimwona sokoni Krismasi. Redio amesikia, Ukambani nzima imesikia. Basi amekataa. Kama ni hasira, miaka ishirini na minne ni mingi. Moyo wa mtu ukipenda kuwa mgumu huwezi kuulainisha kwa redio. Nimeudhika, tena sana.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeshakunywa chai ya pili ndipo nikafungua daftari.

Asubuhi alikuja Chege. Chege wa mashine ya kutoboa, aliyepoteza ncha ya kidole mwaka wa tisini na sita. Siku hizi anashona viatu Witeithie. Alivua kofia, akaketi, akaniuliza fomu yake imefika wapi. Nikamwambia hatuna barua yake. Akasema alituma. Nikamwambia — na ile sauti yangu ya ofisini — labda alikosea anwani.

"Mama Mburu, mimi sikukosea. Msichana wangu alituma mara mbili. Akaniambia imeenda. Sasa imeendanga wapi?"

Akatoa simu ya huyo binti, akanionyesha. Anwani ni yetu, kila herufi. Tarehe 19 Februari. Nikasoma. Bwana Yesu asifiwe sana. Natumai u salama kwa neema ya Mungu, hofu yangu ni kwako uliye mbali. Mimi ni yule Chege wa kutoboa matundu.

Nilimrudishia simu. Sikuhitaji kusoma zaidi.

Nikafungua kapu la taka la kompyuta. Katikati ya urithi wa Dubai na mafuta ya nabii — watu wangu. Bwana Yesu asifiwe, mimi ni Ngina wa kupaka rangi. Tumsifu Mungu, mimi ni mjane wa Gathogo wa boila. Mpendwa katika Bwana, unanikumbuka? Themanini na sita nimehesabu. Themanini na sita wameingia mlangoni kwetu wakisalimia, na mlango ukawapiga teke kwa sababu ya salamu.

Nani kwetu huanza barua bila salamu? Nani? Nilisoma barua zao za kuomba likizo miaka kumi na zaidi. Nusu ya ukurasa ilikuwa Mungu na afya, mistari miwili ya mwisho ndiyo shida yenyewe. Meneja alikuwa akininyooshea barua na kusema nimpe hiyo mistari miwili. Mimi mwenyewe ni mtoto wa mzee wa kanisa. Mama yangu hakuandika hata kikaratasi cha dukani bila kumtaja Bwana. Nilijua haya yote. Niliyajua na nikaandika sheria.

Kisha nikaona tarehe. Barua ya zamani kuliko zote mle ndani ni ya 15 Februari. Redio ilitangaza tarehe 12 na 13. Nikamuuliza Janice, sauti ndogo, zile za kabla ya hapo ziko wapi.

"Trash hukaa siku thirty, Auntie. Halafu inajifuta."

Hakunigombeza. Alifunga mlango, akaketi, akaweka viganja juu ya meza. "Nilikuambia usifute." Hilo tu. Ningependa angepiga kelele. Halafu akachukua simu, akaongea na watu wa redio karibu saa nzima, akawabembeleza mpaka wakakubali kusoma tangazo lingine kesho na keshokutwa, kwamba kila aliyeandika mwezi wa pili aandike tena au aje. Mimi nikabadilisha sheria. Hakuna kinachotupwa tena.

Chege alikataa kuondoka kabla hajaniona nikiandika jina lake. Nililiandika mbele yake, kwa kalamu.

Jumanne, 18 Machi

Nimefika ofisini saa kumi na mbili unusu ili nisome peke yangu. Kaveke yumo. Mara mbili.

Ya tarehe 21 Februari: Bwana Yesu asifiwe, Tabby. Labda ile ya kwanza haikufika, hizi mashine ni za vijana. Mimi ni mzima namshukuru Mungu. Nimepata wajukuu wanne. Nilisikia redio nikasema, lazima ni Tabby yuko huko. Bado unapenda chai ya moto mpaka inakuunguza? Ukiona hii uniambie fomu inajazwaje. Mimi sina simu, natuma kwa Trizah wa fotokopi hapa Kithimani.

Ya tarehe 6 Machi: Bwana Yesu asifiwe. Hii ni ya tatu. Nilikuwa nimeshamwambia Mungu yale ya zamani yaliisha. Lakini nikiona hunijibu najua mkono wako ni ule ule. Sitaandika tena. Ubarikiwe. Kaveke, 417.

Tarehe 6. Kesho yake ndiyo nilikuwa hapa nikiandika juu ya moyo wake mgumu. Nimerudi nikausoma ule ukurasa, nikatamani kuuchana.

Na ile ya kwanza haipo. Ilikuja mara tu baada ya redio, ikakaa siku thelathini ikinisubiri nigeuze macho, ikajifuta. Ya kwanza ndiyo mtu huandika moyo ukiwa wazi kabisa. Sitajua ilisema nini.

Basi niandike na lile jambo. Oktoba 2001, Alhamisi, Muli aliniletea orodha ya watu sitini na wanne wa kupunguzwa niichape. Nakala tatu, kaboni mbili. Niliagizwa nisitoe pumzi mpaka Jumatatu itakaposomwa getini. Namba 417 ilikuwa mstari wa thelathini na nane. Nilichapa. Sikukosea hata herufi. Jioni Kaveke alikuwa amepika muthokoi wa mahindi na maharagwe, akanipakulia, akanieleza habari ya mabati ya nyumba ya mama yake, kwamba Desemba ataezeka. Nikala, nikasema ni vizuri. Ijumaa nikala. Jumamosi nikala. Jumapili tukaenda kanisani pamoja, tukala pamoja. Jumatatu akasikia jina lake getini na baridi ya asubuhi, mbele ya watu wote, na mimi nikiwa dirishani juu.

Nilikuta amefunga mizigo. Hakulia. Alisema, "Umekula chakula changu siku nne, Tabby." Akaondoka na ndoo yake na godoro. Vile viatu aliniachia.

Niliogopa kupoteza kazi. Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Na kiwanda kilifungwa miaka mitano baadaye, nikaipoteza vile vile.

Ijumaa, 21 Machi

Tangazo la pili limefanya kazi. Watu wanafurika. Ngazi imejaa mpaka kwa mwenye duka la dawa za mifugo chini, na analalamika. Wanasalimiana, wanakumbatiana, wanabishana nani alikaa meza gani. Ningekuwa na raha kuliko mtu yeyote Thika.

Lakini nilimwandikia Kaveke Jumanne ile ile kwa anwani ya Trizah. Barua ndefu. Nilimwambia sikuona barua zake, mashine ndiyo ilizitupa, nisamehe, fomu ni hii, tuma sahihi. Leo Trizah amejibu: "Shikamoo Mama. Nimeenda mpaka kwake nimemsomea yote. Amesema mashine haimjui, anayemjua ni wewe. Fomu hajaichukua."

Nimesoma barua yangu upya. Mashine, mashine, mashine. Mara tano. Mimi sijitaji popote isipokuwa pale kwenye jina.

Jumatano, 26 Machi

Orodha imefika mia na thelathini na moja. Janice na mimi tumepitia majina yote ya mafaili. Wa zile siku tatu zilizofutika wamerudi karibu wote, tunadhani. Kaveke hajarudi.

Janice ameniuliza kwa nini namgusa-gusa huyu 417 kwenye karatasi kama kidonda. Nikamweleza. Yote, mpaka muthokoi. Nikaogopa kwamba sasa ananiona vingine. Akasema, "Enda kesho, Auntie. Mimi nitashika ofisi. Na umwambie ukweli tu, usiende na story ya system."

Amenichapia fomu mbili, moja ikiharibika. Amenipa wino wa kidole pia, kwenye kikopo. Nimeviweka kwenye bahasha ya khaki. Nimetoa nguo ya bluu, nikairudisha, nikatoa ya kawaida. Kwa Kaveke huwezi kwenda umejipamba, atadhani umeenda kujionyesha.

Alhamisi, 27 Machi

Naandika nikiwa kwake, kwenye kigoda, daftari juu ya goti.

Nimefika saa saba na nusu. Trizah alinionyesha njia mpaka kwenye ua wa minyaa, akarudi dukani. Kaveke alikuwa ameketi kivulini mwa nyumba, ungo mapajani, anachagua ndengu. Amekonda. Nywele ni nyeupe kote, amezifunga kitambaa. Vidole ni vile vile. Nilisimama pale na bahasha yangu ya khaki.

"Karibu, Mama Mburu," akasema. Hajawahi kuniita hivyo. Mburu mwenyewe alizaliwa yeye akiwa ameshaondoka. Alinisogezea kigoda kwa mguu na kuendelea na ndengu zake.

Nikamuuliza hali, wajukuu, mvua. Akajibu, wazima, wazima, bado. Mabati ya nyumba ya mama yake yapo, nimeyaona, yana kutu pembeni. Aliezeka mwaka wa 2009. Amesema bila kuniangalia.

Nikatoa fomu. Nikamwambia kesho saa kumi na moja jioni inafungwa, kwamba jina lake nimeliachia nafasi, kwamba sahihi moja tu na kidole, na kitambulisho kitolewe nakala kwa Trizah. Hakuigusa.

"Ile orodha ya getini, ni wewe uliichapa?"

"Ni mimi."

"Mpaka jina langu."

"Mpaka jina lako. Nilijua tangu Alhamisi."

Akachagua kijiwe, akakitupa. "Na hizi barua?"

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema mashine. Ulimi ulishaanza. Nikasema, "Hizi pia ni mimi. Mashine haina akili, inafuata maneno unayoipa. Mimi ndiye niliandika maneno. Nikaiambia, ukiona barua ina maneno haya, itupe."

Ungo ukasimama. Sasa aliniangalia, kwa mara ya kwanza.

"Mimi sikutukana mtu. Niliandika barua nzuri, Trizah ni shahidi, nilimwambia anisomee kabla hajatuma. Mara tatu. Sasa niambie, Tabby. Ni neno gani nililoandika likafanya nitupwe?"

Ameniita Tabby. Nilitaka kulia kwa hilo peke yake.

Kabla sijafungua mdomo mbuzi akakata kamba, akaingia kwenye mahindi machanga. Kaveke akainuka, akaweka ungo chini. "Ukae hapo. Nikirudi utaniambia hilo neno. Halafu nitajua kama naandika jina langu kwa karatasi yako."

Ameenda. Namsikia akimwita mbuzi kwa Kikamba, anamtukana polepole.

Mlango wa nyumba uko wazi. Juu ya meza kuna Biblia imefunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe, na ukutani picha yake amevaa sare ya akina mama wa kanisa, amesimama mbele, ndiye kiongozi wao. Nimwambie ni jina la Bwana nililolitupa? Ningeweza kusema ni neno kiploti. Au kitambulisho. Hangejua, na Trizah hangejua, na Mungu angenisamehe labda, na fomu ingekuwa na sahihi kabla ya saa tisa na nusu. Kesho jioni angekuwa na mahali pake Thika, na kiploti hakiulizi kilipatikanaje.

Ningekuwa nimekula chakula chake siku ya tano.

Amemfunga mbuzi. Anakuja. Kwanza amepita ndani, ametoka. Ananawa mikono kwenye ndoo, taratibu, mpaka viwiko. Kitambulisho chake kimechomoza kwenye mkunjo wa leso kifuani, nakiona ukingo wake. Hajakitoa. Anajipangusa, na ananitazama mimi, haitazami fomu.